Piridostigmini haidumu siku nzima

Dada, umeuliza kwa nini mama mwenye miasthenia, ugonjwa wa misuli kulegea na kuchoka haraka, akimeza piridostigmini alfajiri hapo Mbagala, kope zinaanguka tena kabla hamjamaliza kliniki Muhimbili, na kama aongeze kidonge. Dawa yenyewe ndivyo ilivyo. Neva huuamuru msuli kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na kuna kimeng'enya kinachoivunja papo hapo. Piridostigmini hukibandika kimeng'enya hicho kipande cha kemikali kiitwacho kabameti, kikasimama kazi. Asetilikolini inakaa zaidi, msuli unapata nguvu. Ila kipande hicho hubanduka chenyewe, na figo zinaitoa dawa mwilini. Ndiyo maana inamshika kwa muda wa saa 3 hadi 6 tu. Dozi ya mchana iwe kwenye mkoba, foleni ya Barabara ya Kilwa mnaijua. Kama kumeza chakula kunamsumbua, muulizeni daktari kuhusu kuinywa nusu saa kabla ya kula.

Kujiongezea hapana, tafadhali sana! Ikizidi, misuli inalegea vilevile, na nyumbani mtadhani ni ugonjwa umepanda. Mkiona mate yanamjaa, tumbo linamkata, anaharisha, jasho jingi, pumzi nzito, msimpe kidonge kingine, mkimbizeni hospitali.