Maswali ya wasomaji: Mume wangu amesahau, nimpeleke wapi?

*Habari zenu, wanangu. Naandika kutoka Isevya, Tabora. Mume wangu ana miaka 74, mwalimu mstaafu. Mwaka juzi hospitalini walisema ana demensia, ule ugonjwa wa kusahau. Sasa huamka saa tisa usiku, anavaa koti, anabeba faili lake la zamani na kusukuma mlango, eti anachelewa gwaride la asubuhi. Kiswahili kinampotea, mara nyingi ni Kinyamwezi tu. Mimi nina presha na goti limekwisha. Watoto wako Dar, wanataka tumpeleke kituo cha kulipia huko huko. Jirani anasema pale Ipuli wazee wanapokelewa bure. Nichague vipi? Na nifanyeje watu wasiseme nimemtupa?*
*Mama wa Isevya*

Shikamoo mama. Tuanze na Ipuli. Makazi ya Wazee ya Ipuli, sawa na yale ya Kibirizi kule Kigoma, ni ya serikali, na yamewekwa kwa wazee wasiojiweza ambao hawana mtu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee inaiweka familia mbele. Makazi ni hatua ya mwisho. Mwenye mke, watoto wenye kazi na pensheni hapati nafasi kirahisi. Hata hivyo nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Ndiye mtu wa kumuuliza ni vituo gani binafsi vinatambulika na vipi vinajiendesha tu. Kituo ambacho ustawi wa jamii hawakijui, kiache.

Kabla ya kutafuta kituo chochote, mrudishe mzee hospitali ya Kitete. Kama kuamka usiku kulianza ghafla, ndani ya siku chache, usiseme ni demensia imepanda. Mara nyingi ni malaria, yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), nimonia, kukosa choo kwa siku nyingi, au dawa mpya. Piriton ya mafua na amitriptilini ya maumivu ni dawa za kawaida kabisa, lakini humvuruga akili mtu wa umri wake na kumzuia mkojo. Uliza pia kama alishapimwa vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, kaswende na VVU, na waambie kama aliwahi kuanguka na kugonga kichwa, hata wiki kadhaa zilizopita, maana damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu. Baadhi ya hayo yanatibika. Itakuwa uchungu kumhamishia mtu kituoni kwa tatizo ambalo lingeisha kwa sindano za B12.

Ikiwa baada ya hapo kituo bado kinahitajika, mama, ushauri wetu mkubwa ni huu: kituo kichague usiku. Mchana kila mahali panapendeza. Vigae vinang'aa, wazee wamekaa kivulini, meneja anakuonyesha televisheni. Wagonjwa wengi wa demensia huanza kuchafuka jua linapozama, na kazi ngumu yote iko kati ya saa 12 jioni na alfajiri. Kwa hiyo watoto waende mara mbili: mara ya kwanza kwa miadi, mara ya pili bila taarifa, saa 12 jioni. Wakikataliwa kuingia jioni, wameshapata jibu.

Wakifika, waulize ni wahudumu wangapi wanaokesha, siyo wangapi wameajiriwa. Halafu wapige hesabu. Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo anapata vidonda vya kulalia kwenye kiuno, nyonga na visigino. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa 12 asubuhi ni mara tano. Kituo chenye wagonjwa wanane wa namna hiyo kina kazi ya kugeuza mara 40 kwa usiku mmoja, na kila mara ni kama dakika 10 ukihesabu kubadilisha pampasi na shuka. Hizo ni saa sita na dakika 40, tena mtu mzima mzito anahitaji watu wawili kumgeuza. Wakikwambia anakesha dada mmoja, basi wagonjwa hawageuzwi, hata kama dada huyo ana moyo wa dhahabu. Mumeo leo anatembea, lakini ugonjwa huu unasonga. Kesho atakuwa kwenye kitanda hicho hicho.

Swali la pili lina uzito uleule: "Mgonjwa akiwazidi nguvu usiku mnafanyaje?" Jibu zuri linaanza na mtu: tunatembea naye, tunamuuliza anakwenda wapi, tunampa chai, tunaangalia kama anataka chooni. Jibu la kuogopa ni "tunamchoma sindano" au "kuna dawa ya kulala". Dawa za kutuliza kama haloperidoli na klorpromazini zina mahali pake, kwa dozi ndogo, kwa amri ya daktari na kwa muda mfupi. Kwa wagonjwa wa demensia zinaongeza hatari ya kiharusi na ya kifo. Humkakamaza mtu, akaanza kuburuta miguu, kudondosha mate na kuanguka. Waombe daftari la dawa. Liwe na jina la mgonjwa, dawa, dozi, saa na sahihi ya aliyetoa. Ukikuta sahihi za wiki nzima zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa mkupuo mmoja, jua limejazwa siku moja.

Kisha wakae wakati wa chakula, wamtazame mzee mmoja tu anayelishwa, mwanzo hadi mwisho. Anayelishwa vizuri amekaa wima, siyo kulazwa kwenye mito. Mlishaji ameketi mbele yake, macho yao yanakutana. Kijiko kinabeba uji nusu, kinasubiri koo lishuke, ndipo cha pili kinakuja. Hapo mlo mmoja unachukua nusu saa au zaidi, na akimaliza anaachwa amekaa dakika 30 nyingine. Ukiona mlishaji amesimama, anapitisha vijiko mfululizo huku akiongea na mwenzake, mzee atapaliwa, chakula kitaingia kwenye mapafu, na baada ya siku chache utaambiwa ana nimonia. Hapo hapo angalia kikombe cha maji: kipo mkononi mwa mgonjwa, au kipo dirishani asikofika? Mgonjwa wa demensia husahau kiu. Asiponyweshwa, atachanganyikiwa zaidi kuliko ugonjwa wenyewe unavyomchanganya. Na angalia kucha. Kucha ndefu zenye uchafu hazitokei siku moja.

Sasa suala la Dar. Umesema Kiswahili kinampotea. Hilo hutokea sana: lugha aliyojifunza baadaye huondoka kwanza, lugha ya mama hubaki. Akikaa katikati ya watu wasiojua Kinyamwezi, atashindwa kusema anaumwa tumbo, anataka haja, anaona baridi. Ataonekana mkorofi, na mkorofi ndiye anayechomwa sindano. Hivyo afisa akikutajia kituo cha kawaida cha karibu, na watoto wakawa wamepata kizuri zaidi Dar, sisi tungeegemea cha karibu, mradi kimefaulu mtihani wa usiku. Mzee anayetembelewa kila wiki na mke wake, tena siku zisizotabirika, huangaliwa tofauti na yule anayetumiwa hela kwa simu. Na kwa pembeni tuseme: wanaotaka Dar wana haki ya kutaka, lakini kwanza waseme ni nani kati yao atakayekwenda kumwona kila Jumamosi.

Kabla ya kulipa, pateni maandishi ya vilivyomo ndani ya ada. Pampasi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi, nani ananunua? Dawa za presha? Gari la hospitali usiku? Akilazwa wiki mbili ada inaendelea? Na ni kwa sababu gani wanaweza kumrudisha nyumbani? Vituo vingine hukataa mgonjwa akianza kutangatanga, na hilo ndilo tatizo mlilonalo tayari.

Siku ya kumpeleka, ambatanisha karatasi moja: anaitwa "Mwalimu," siyo jina, anaamka saa ngapi, anaswali au anasali vipi, anapenda chai ya namna gani, maneno kumi ya Kinyamwezi ya maji, choo, njaa, maumivu, baridi. Mpe koti lake na lile faili. Akisema anachelewa gwaride, wamjibu kwamba kengele bado haijagongwa, waketi naye. Kumbishia kwamba amestaafu kunamtia hofu upya kila usiku. Wiki za mwanzo huwa mbaya, atalia na kudai kurudi. Usizipime kama ndiyo hali ya kudumu.

Na la watu kusema. Mama, mwenye kutupa hapigi hesabu kama unazozipiga wewe. Ila kuna njia ya tatu ambayo watoto wako hawajaitaja: hela ya ada hiyo imwajiri mtu wa kukesha nyumbani kwako usiku tu, ili wewe ulale. Weka komeo chini karibu na sakafu, ambako yeye hatazami, na kengele juu ya mlango. Usimfungie kwa kufuli akiwa peke yake ndani, moto ukitokea hatoki. Ijaribuni miezi miwili. Ikifika hatua anapiga, au anahitaji kunyanyuliwa na watu wawili, au presha yako inakulaza, hapo kituo ndiyo njia, na uende bila kujilaumu.

*Wahariri, mimi ni mzee wa Gungu, Kigoma. Mke wangu ana ugonjwa wa kusahau. Usiku anatoka na kanga moja, anasimama uani kwa watu, anaongea peke yake. Wameanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Naogopa.*

Shikamoo mzee wetu. Unaogopa kwa haki. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma hizi. Usisubiri mnong'ono uwe sauti. Wiki hii mpeleke hospitali ya Maweni na uombe barua ya daktari inayosema, kwa Kiswahili, kwamba ana ugonjwa wa ubongo unaomfanya apotee na kuongea peke yake. Piga kopi. Moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwa afisa mtendaji, moja kwa imamu au padri wenu. Mwombe mwenyekiti aiseme kwenye mkutano wa mtaa, na wewe uende kwa jirani mmoja mmoja: "Mama ni mgonjwa, ukimkuta uani kwako nipigie." Jirani aliyepewa kazi ya kumrudisha mama hatamshuku kirahisi. Aliyeshatamka vitisho mripoti polisi kwa jina, siyo kwa mafumbo.

Mvishe bangili yenye namba yako ya simu, funika kisima, na jiko la mkaa lizimwe kabla hamjalala. Kamba na mnyororo hapana. Vinamjeruhi, na vinawathibitishia watu kwamba kuna jambo. Ukiona hatari imekaribia, afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwendea kwa ombi la kumhamisha haraka, na hapo Kibirizi ni la kuuliza.

*Mume wangu anapokea pensheni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na kiwanja cha Urambo kiko kwa jina lake. Siku nyingine anajua anachosaini, siku nyingine hajui. Tuandike hati ya uwakilishi, nisaini kwa niaba yake?*
*Mama wa watoto watano, Urambo*

Andikeni mapema, lakini msiitegemee hadi mwisho. Wengi hawaambiwi hili: kisheria uwakilishi hukoma yule aliyeutoa anapopoteza akili timamu, yaani pale pale mnapouhitaji zaidi. Kwa hiyo tumieni siku zake nzuri kumaliza mambo yenyewe. Kama ni nia yake kiwanja kiwe cha pamoja au kipewe mtu, kihamishwe sasa mbele ya wakili, siku ambayo daktari amemwona na kuandika kwamba anaelewa. Na kama mnafikiria kumpeleka kituo cha mbali, uhakiki wa wastaafu mzingatie kwanza, maana pensheni ikisimama ada nayo inasimama.

Akishapita hatua ya kuelewa, njia ni mahakama imteue msimamizi wa mali zake, kwa ripoti ya daktari. Inachukua muda, anzeni kabla hela haijaisha. Lakini usimshike kidole gumba ukakibonyeza kwenye wino akiwa hajui ni karatasi gani. Hati ya namna hiyo hubatilishwa, na ndugu zake wakiifikisha polisi, mshtakiwa ni wewe uliyekuwa ukimlisha.