Chupa za achari zinavunjika njiani: anza na boksi

Dada, pole sana kwa hasara. Umesema achari inatoka Mombasa salama, ikifika Nairobi kila boksi lina chupa tatu nne zilizopasuka, na unamlaumu dereva. Mimi ningeanza na boksi lenyewe.

Chupa 24 kwa boksi moja ni nyingi mno. Kuli akiinua mzigo mzito usio na pa kushika, huukumbatia tumboni, vidole vikiteleza anaubwaga. Weka 12, toboa matundu ya mikono pande mbili fupi, na utie vigawanyo vya kadibodi ili glasi isigongane na glasi.

Kinachosahaulika zaidi ni pembe. Boksi hubeba uzito kwa pembe zake nne: likipangwa pembe juu ya pembe hustahimili, likipishanishwa kama matofali nguvu nyingi hupotea. Vipimo navyo vina maana. Boksi la sentimita 40 kwa 30 huingia 10 kamili kwa kila tabaka kwenye paleti (jukwaa la mbao la kupangia mizigo) ya 120 kwa 100, bila ukingo kuning'inia nje.

Halafu joto na unyevu wetu huu wa pwani! Kadibodi hunywa unyevu ikalegea hata kama kwa macho ni kavu. Usiyalaze maboksi sakafuni. Yainue juu ya mbao.

Alama ya glasi na mishale ya juu ichapwe pande zote nne, maana yakishapangwa kifuniko hakionekani.

Kabla hujaagiza mengi, jaza moja, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno, kisha ulifungue uhesabu chupa.