Bomba la gesi likiuzwa, ruhusa inatoka EWURA

Kuna jamaa ameandika kwamba bomba la gesi likiuzwa hapa Tanzania, ruhusa inatoka PURA, mamlaka ya mkondo wa juu wa petroli. Siyo, ndugu, ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Sheria ya Petroli ya 2015 iligawa kazi: PURA anasimamia utafutaji na uchimbaji kule visimani, EWURA anachukua kuanzia usindikaji, usafirishaji hadi usambazaji. Bomba liko upande huo wa EWURA. Mwenye leseni hawezi kumkabidhi mtu mwingine hivi hivi, lazima EWURA iridhie kwanza, na inamwangalia mnunuzi: ana mtaji? Ana mafundi wa kuliendesha salama? Tena nauli ya kupitisha gesi bombani inapangwa na EWURA, kwa hiyo mnunuzi hawezi kuamka asubuhi akaipandisha ili arudishe hela yake. Watu wengi hapo ndipo wanapopasahau.

Dili likiwa kubwa, la kununua kampuni nzima au hisa za kuitawala, linapita pia Tume ya Ushindani, FCC.

Ila msichanganye na bomba letu la Chongoleani, hapa Tanga. Lile ni la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, lina mkataba wake na sheria yake ya 2021, na hisa za TPDC, shirika letu la petroli la taifa, mle ni asilimia 15 tu. Mabomba makubwa ya gesi, la Songo Songo na la Mtwara, yote yanaishia Dar. Huku Tanga gesi tunayopikia bado ni ya mtungi.