Klachi ikiteleza, pesa ya plati iweke mfukoni kwanza

Ndugu uliyeuliza, nimeelewa kwamba pikipiki yako ya Honda CG ikipanda mlima inalia kama inataka kuruka ilhali mwendo ni ule ule, na fundi ameshakuandikia plati mpya za klachi, zile sahani zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Pole. Lakini subiri kidogo kabla hujatoa hiyo pesa. Mimi nina Honda CG125 niliyoinunua kwenye mnada ikiwa tayari mzee, na ugonjwa huo umenipata mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza nilinunua plati. Wiki tatu baadaye ikarudia, na hapo ndipo nilipoanza kutumia akili.

Yangu ilianzia Valley Road, hapa Nairobi. Nimebeba abiria, natoka mjini, gia ya nne, naongeza moto, sauti inapanda na pikipiki imetulia tu kama inawaza. Matatu nyuma yangu ilinipigia honi ambayo sijaisahau. Siku nzima Jogoo Road, kwenye tambarare, sikuwa nimeona chochote. Klachi ikianza kuteleza hujificha hivyo: inajitokeza kwenye mzigo na gia kubwa kwanza.

Jipime hivi. Tafuta barabara isiyo na magari, weka gia ya juu, mwendo wa 40 hivi, halafu fungua moto wote, yaani zungusha mshiko wa mafuta hadi mwisho. Sauti ikiruka na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza. Ikiwa vyote viwili vinapanda pamoja ila kwa uvivu, hiyo si klachi. Kaangalie kabureta, kichujio cha hewa au kompresheni. Na kama umebana leva ya klachi lakini pikipiki bado inataka kwenda na gia zinagoma kuingia, huo ni ugonjwa wa kinyume, klachi haiachii, na dawa yake ni nyingine.

Sasa kebo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoliwa pesa. Klachi inapoteleza, watu wengi, mafundi wakiwemo, hukaza kebo. Mantiki yao: imelegea, basi tukaze. Ni kinyume kabisa. Plati hubanwa na springi. Leva haibani kitu. Kazi yake ni kuziachia. Ukikaza kebo hadi leva haina mchezo wowote, yaani ile nafasi ya kusogea kabla haijaanza kuvuta, ni kama umeweka kidole juu ya leva saa ishirini na nne: springi hazibani kwa nguvu zake zote, plati zinateleza, zinachomeka. Na kuna mtego mwingine. Kwenye injini kama hii, kadiri plati zinavyoliwa, mchezo wa leva hupungua wenyewe. Kwa hiyo kebo uliyoirekebisha vizuri mwezi wa kwanza inaweza kuwa imekaza mwezi wa sita bila mtu kuigusa.

Legeza hadi ncha ya leva icheze milimita 10 mpaka 20 kabla hujahisi uzito. Upana wa kidole, tuseme. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, kisha geuza usukani kushoto na kulia uone kama mchezo unapotea. Ukipotea, kebo imepita njia mbaya au imekwama ndani ya ganda lake. Yangu ilikuwa na kutu, leva ilikuwa hairudi yote. Kebo mpya ni rahisi kuliko plati, na nusu ya kesi ninazoziona kwenye steji yetu huishia hapo.

La pili ni oili, na hili lilikuwa kosa langu mwenyewe, simsingizii mtu. Jirani alikuwa amebadilisha oili ya gari lake, ikabaki kama lita moja na zaidi, nzuri, bado imefungwa. Injini yangu inakunywa karibu lita moja. Nikaona Mungu amenikumbuka. Klachi ya gari haiogi kwenye oili ya injini, lakini ya pikipiki nyingi, CG ikiwemo, inazunguka humo humo. Oili nyingi za gari, hasa zile nyepesi za kuokoa mafuta, zina kemikali za kupunguza msuguano, na plati zinaishi kwa msuguano. Ndani ya wiki tatu plati zangu mpya zikawa zinateleza kama sabuni. Chupa zile za dawa ya injini zinazouzwa kwa ahadi nyingi nazo zinaweza kukufanyia hivyo hivyo.

Geuza kibuyu cha oili usome nyuma. Tafuta maandishi JASO MA au MA2. Ni alama ya Wajapani ya tangu 1998 kwa oili za pikipiki zenye klachi ya ndani ya oili. MB si yako, hiyo ni ya skuta. Kama kibuyu hakina alama hiyo, kirudishe hata kama muuzaji anaapa. Mimi nilimwaga, nikaweka sahihi, nikaendesha siku chache, nikamwaga tena nikaweka nyingine. Ilipona kwa sehemu tu, si yote, kwa hiyo nikafungua.

Kufungua si kazi ya kutisha. Kifuniko cha upande wa kulia, bolti zake hazilingani urefu, kwa hiyo chukua kipande cha katoni, chora umbo la kifuniko na uchomeke kila bolti mahali pake. Ndani utakuta bolti nne zilizobana springi. Kinachoshikilia klachi katikati hutofautiana: kuna injini zenye ringi ya kubana, na nyingine zina nati yenye mikato minne. Yangu ni ya nati, na ilikuwa na makovu ya patasi na nyundo kutoka kwa fundi wa zamani. Usimruhusu mtu afanye hivyo. Mzee mmoja wa jua kali Kariobangi alinikatia meno manne kwenye bomba la chuma kwa dakika chache, nati ikatoka kistaarabu.

Pima unene wa plati za msuguano kwa vernia, kile kipimo cha taya mbili. Mpya zangu zilikuwa na milimita 3. Za zamani nilizokuwa nimezitunza kwenye kopo zilikuwa 2.5. Ukinusa harufu ya kuungua, au zimekuwa nyeusi zinang'aa kama kioo, zimekwisha hata kama unene upo. Plati za chuma zilaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Zikichezacheza zimepinda, na zenye rangi ya buluu zimepikwa. Springi watu huzisahau. Zangu nne nilipozisimamisha kando ya mpya zilikuwa fupi, macho tu yaliona. Springi zilizochoka zikibana plati mpya, umefanya kazi bure. Badilisha zote nne pamoja.

Spea nilipata Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Beba plati ya zamani mkononi uilinganishe idadi ya meno na kipenyo, maana jina la pikipiki peke yake litakuletea kitu kinachofanana tu.

Plati mpya zilaze kwenye oili safi usiku kucha kabla ya kuzifunga. Zikiingia kavu zinaweza kuungua siku ya kwanza. Bolti za springi kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi. Ni za milimita 6, na nimevunja moja, sitaki kuizungumzia. Ukiwa humo, fungua kile kikombe cha kuchujia oili mwishoni mwa krenki, mhimili mkuu wa injini, ukifute. Changu kilikuwa kimejaa tope jeusi, unga wa plati za zamani. Gasketi ya kifuniko nunua mpya.

Na kidole chako, ndugu. Kwenye jamu ya Waiyaki Way nilikuwa natembea nimebana leva nusu kwa kilomita nzima, nikiona ni ustadi. Siku hizi naweka nyutro nikisimama.

Anza na kebo kesho asubuhi injini ikiwa baridi, halafu usome kibuyu. Ukifika hatua ya kufungua na bado umekwama, tuambie unene wa plati na oili uliyoweka mara ya mwisho.