Tambi, chujio na mtani wa babu yako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, isipokuwa goti la baba yako ambalo kila masika huanza upya. Swali lako limenikuta Barabara ya 12 nangoja zamu yangu ya kukuniwa nazi, nikacheka peke yangu mpaka muuza nazi akauliza kulikoni. Nikamwambia huko Ulaya kuna watu dini yao tambi. Akasema, "Za mchuzi au za sukari?"

Nimecheka, lakini nimeona vilevile kuwa hukuandika kwa kucheka. Kijana mnayekaa naye nyumba moja huko Uholanzi anavaa chujio la tambi kichwani, anajiita mfuasi wa Zimwi la Tambi Lirukalo, na juzi mezani mbele za watu akakuambia: kama hijabu yako inaheshimiwa, na chujio langu liheshimiwe vivyo hivyo. Ukanyamaza. Sasa waniuliza kama dini ya mzaha inastahili heshima ileile ya imani.

Unajua mama yako alikuwa karani wa mahakama, hajibu kabla ya kusoma jalada. Nimemkalisha mdogo wako na simu yake mpaka usiku. Kumbe jambo lilianza 2005, na lilianza kwa barua. Bodi ya elimu ya jimbo la Kansas, Marekani, ilitaka masomo ya baiolojia yawape nafasi wanaopinga kwamba viumbe vilibadilika vyenyewe kidogo kidogo, wanaosema lazima kuna mwenye akili aliyevibuni. Kijana mmoja aliyesomea fizikia, Bobby Henderson, akawaandikia: vyema, basi na mimi naamini dunia iliumbwa na zimwi la tambi, nipeni kipindi changu. Bodi ilipitisha mpango wake mwaka uleule, wajumbe wakaja kubadilika, ukafutwa 2007.

Barua ile nimeipenda, sikufichi. Mimi ni mja wa Mungu na naamini ndiye Muumba, lakini Henderson alikuwa anawatania wenye madaraka juu ya watoto wa watu, naye hana chochote mkononi ila ulimi.

Mzaha ukaota miguu. Mwaka 2011 Mwaustria mmoja alipata leseni ya udereva yenye picha yake akiwa na chujio kichwani. Mwaka 2016 kule Akaroa, New Zealand, watu wawili walifungishwa ndoa halali kwa taratibu za tambi. Mwaka huohuo mfungwa mmoja wa Nebraska, Marekani, aliyekuwa akidai gerezani haki za dini hiyo, aliambiwa na jaji kuwa huu ni mzaha, si dini. Na hapo hapo ulipo, mwanafunzi wa sheria wa Nijmegen alitaka chujio lake kwenye picha ya kitambulisho. Mwaka 2018 Baraza la Dola, ambalo huko ndilo mahakama ya juu ya mashauri dhidi ya serikali, likamkatalia, likisema imani yake haina uzito wala mshikamano wa dini. Akaenda mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, na 2021 nayo haikukubali kulisikiliza shauri lake.

Kwa sheria, basi, mwenzako keshashindwa. Lakini usiende kumtolea hukumu hizo mezani, maana mahakama nazijua. Nimekaa miaka kwenye meza ile ndogo chini ya hakimu, kila shahidi namuuliza jina, umri, kabila, kazi, dini. (Sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, lakini mahakamani tuliuliza, kwa sababu ya kiapo.) Siku moja akapanda kizimbani mzee wa upande wa Kiomoni, shahidi katika kesi ya mbuzi wa kuibiwa. Dini yako? Akasema, "Pangoni." Alikuwa na maana ya mapango ya Amboni, ambako mpaka leo watu huenda na ubani na marashi kutambikia. Mahakama nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikaandika "mpagani". Yule mzee akangoja tumalize. Kisha akatoa ushahidi uliompeleka ndani mpwa wake mwenyewe, aliyemlea, akasema hawezi kudanganya halafu aende kusimama mbele ya wazee wake kule pangoni.

Ndiyo maana sitakuambia chujio halistahili heshima kwa kuwa linachekesha. Kwa mgeni, pango nalo linachekesha. Wapo huko wanaoona hata sisi kuinamisha paji la uso chini mara tano kwa siku ni kichekesho. Mimi naangalia kitu kingine. Yule mzee tulipomcheka, alikuwa na kitu cha kuumia. Mwenzako ukimwambia zimwi lake halipo, ataumia? Atacheka nawe, atafurahi kuwa umeelewa. Tumekatazwa kuwatukana wanaowaomba wengine badala ya Mungu, utaiona aya katika Al-An'am, ya 108. Yeye hamwombi huyo zimwi. Anamtumia kusemea.

Na sisi mtu wa namna hiyo tunaye, tena tunamheshimu sana. Babu yako alipofariki ulikuwa na miaka sita, sijui kama unakumbuka. Jeneza halijashushwa, mtani wake akatumbukia kaburini, akalala mwanandani, amevaa kofia ya marehemu. Akakohoa kama alivyokohoa babu, akasema hatoki mpaka alipwe deni lake la kahawa. Bibi yako, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatoa sauti, walipomhadithia nyumbani akacheka mpaka akalia, na kilio ndicho kilichokuwa kimemkwama. Watu wakachanga, mtani akatoka, na ndiye aliyeshika jembe wa kwanza. Siku tatu nzima alipasua kuni uani kwetu.

Hakuna aliyemwambia anadharau maiti. Hakuna pia aliyemwambia apite mbele aswalishe.

Mwenzako mpe heshima ya mtani, ambayo si ndogo. Asikatazwe chujio lake, asitukanwe, asionekane mwendawazimu. Lakini mwambie utani una masharti yake, na hapo ndipo alipokukosea. Mtani hutaniwa naye. Babu yako enzi zake alishawahi kumwibia yule bwana kuku wa harusi ya binti yake, na hakuna polisi aliyeitwa. Wewe hapo mezani uko peke yako, mgeni, lugha ya watu, kitambaa kichwani ambacho hukukivaa ili umjibu mtu yeyote. Bibi yako alikuvalisha cha kwanza, chenye maua ya njano. Henderson aliwatania wakubwa wa Kansas. Huyu amemtania msichana mmoja kwenye chakula cha jioni. Chujio ni lilelile, ila lilikoelekezwa siko.

Huenda hakulifikiria hilo. Vijana wengi hawalifikirii, na kwa unavyomwandika anaonekana ana moyo, si ndiye aliyekupeleka hospitali ulipotegua mguu? Basi huyo tayari amepasua kuni. Kilichobaki ni wewe kumtania.

Ramadhani imekaribia. Mwalike futari, umpikie tambi za nazi: kaanga tambi kwa samli kidogo mpaka zibadilike rangi, tia tui, sukari, iliki, zabibu, funika moto mdogo. Kabla hujapakua muulize, kwa uso mkavu kabisa, kama dini yake inamruhusu kumla mungu wake. Na tui la kopo huwa na mabonge, lichuje kwanza. Chujio mnalo nyumbani.

Mama yako