Marufuku ya sigara katika jengo la kijani: usimwachie askari wa getini

Wenye majengo wengi wanaoniuliza kuhusu cheti cha LEED, mfumo wa Marekani unaopima kwa alama majengo yanayojali mazingira, huanza na sola, vioo na matangi ya maji ya mvua. Sigara huja mwisho, kana kwamba ni suala la kubandika karatasi mlangoni tu. Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi hapa Nairobi, na kwangu hilo ndilo sharti gumu kuliko yote, kwa sababu linahusu watu. Kudhibiti moshi wa tumbaku hakukupi alama hata moja. Unaweza kukusanya alama 80 kati ya 110, zinazotosha daraja la juu kabisa la Platinum, na ukanyimwa cheti kwa kukosa sharti hili. Waliozoea EDGE, cheti kingine cha majengo ya kijani, ndio hushangaa zaidi, maana EDGE hupima nishati, maji na vifaa vya ujenzi, sigara haimo.

Wengine hunijibu kwamba wanafuata sheria ya Kenya na hiyo yatosha. Haitoshi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi sita, lakini inaruhusu kutengwa kwa sehemu ya wavutaji. LEED nayo zamani iliruhusu chumba cha ndani chenye feni ya kutoa moshi nje. Tangu toleo la nne, jengo la ofisi halina ruhusa hiyo tena. Ndani ni marufuku kabisa, na nje sehemu ya wavutaji iwe angalau mita 7.5 kutoka kila mlango, kila dirisha linalofunguka na kila tundu linaloingiza hewa. Naona walifanya vyema. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba kuwatenga wavutaji, kusafisha hewa au kuongeza feni hakumalizi hatari kwa asiyevuta.

Kwa hiyo pima mwenyewe, usiamini ramani pekee. Viwanja vyetu vya mjini ni finyu na madirisha yetu hufunguka. Huenda usipate kona hata moja inayofaa. Ikiwa ni hivyo, piga marufuku kiwanja kizima na uwaambie wapangaji mapema. Usikimbilie paani, kwa kuwa huko mara nyingi ndiko mitambo inakovutia hewa ya kuingiza ofisini. Vibao navyo viwe ndani ya mita 3 kutoka kila mlango wa kuingilia, pamoja na ule wa maegesho ya chini na ule wa nyuma ya jiko. Vitaje pia sigara za kielektroniki, la sivyo kuna atakayekuambia kwamba huo ni mvuke tu.

Sasa nije kwa linaloniuma. Vibao vikishabandikwa, mzigo wote tunamtwika askari. Huyu ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, mshahara wake ni mdogo, na anaweza kuhamishwa kwa simu moja ya malalamiko. Halafu tunatarajia amwambie mkurugenzi wa kampuni iliyopanga ghorofa nzima azime sigara yake. Nilikuwa karibu siku moja askari wetu alipojaribu.

"Mzee, samahani, hapa hairuhusiwi."

"Wewe unajua kodi ya hapa analipa nani?"

Askari akarudi kwenye kiti chake. Baada ya hapo dereva wa mkurugenzi naye akawa anavutia palepale mlangoni, na wageni wakafuata. Nani angewakataza?

Marufuku inayoanzia getini haifiki ghorofa ya juu. Ni lazima ianzie kwa mwenye jengo. Wetu alikubali kuitia kwenye mkataba wa kupanga: mpangaji anawajibika kwa wafanyakazi na wageni wake, na moshi ukiharibu zulia au dari, gharama ya kusafisha ni yake. Kwa wapangaji ambao mikataba yao haijaisha, alitia sahihi barua yeye mwenyewe, kisha akawaita wakurugenzi mkutanoni, askari na wasafishaji wakiwepo. Hapo wote wakasikia kwamba askari habishani na mtu. Anaandika mahali na saa, ananipigia simu, mimi nashuka. Nikifika sina vitisho: "Bosi, twende nikuonyeshe pale tulipotenga." Wengi huja. Akirudia, barua haiendi kwake, inakwenda kwa kampuni yake. Yule mkurugenzi siku hizi hutoka nje kama wengine.

Ngazi za dharura nazo zitakusumbua. Wavutaji huzipenda kwa sababu hazina kamera wala watu, na huuzuia mlango usijifunge kwa tofali au ndoo. Mlango huo uliwekwa ili moto ukitokea, moshi usiingie kwenye njia ya kutorokea; kuuacha wazi ni kuchezea maisha ya watu. Kuna jambo jingine: asubuhi nje kukiwa na baridi, hewa ya jengo yenye joto hupanda kupitia ngazi na njia ya lifti. Malalamiko yanaweza kutoka ghorofa ya nane na mvutaji yuko ya pili. Ukiitwa, anza chini ukipanda. Na wasikilize wasafishaji: wao ndio wanaookota vichungi vya sigara, wanajua kila pembe.

Kama jengo bado linajengwa, anza na mafundi. Toleo la nne la LEED linatoa alama kwa mpango wa kulinda hewa wakati wa ujenzi, na mpango huo unakataza tumbaku ndani ya jengo na ndani ya mita 7.5 za mlango. Mbao za jasi na mazulia hunyonya harufu ya moshi, nawe utakabidhiwa jengo jipya linalonuka. Hifadhi picha za vibao, mchoro wa kiwanja wenye vipimo, na sera iliyotiwa sahihi. Hivyo ndivyo utakavyoonyesha ukiulizwa.

Mwisho, mpe mvutaji mahali pa heshima: kibanda chenye paa, benchi, na pipa la mchanga la kuzimia sigara. Paa ndilo muhimu. Bila paa, mvua za Machi zikianza, wote watajibanza chini ya kivuli cha mlango mkuu, na moshi utaingia mapokezi kila mlango ufunguliwapo. Lijenge Februari.