Jibu: Seli za titi zinatandaa badala ya kutengeneza vifuko

Habari mkuu. Umesema seli zako za titi unazozikuza maabara hazitengenezi vifuko vyenye uwazi katikati, zinatandaa tu kwenye jeli ya kolajeni (protini inayoshikilia tishu za mwili). Kabla hujazilaumu, angalia ugumu wa jeli. Mimi nilihangaika hivyohivyo na miligramu 4 za kolajeni kwa mililita. Niliposhuka hadi 1 na kuongeza matriki (mtandao wa protini unaozizunguka seli) yenye laminini, protini ambayo seli hujishikiza kwayo, vifuko vikajitokeza baada ya siku kama 10. Seli huivuta jeli kwa integrini zake, yaani protini za juu ya seli zinazoishika. Jeli ikigoma kunyumbulika, mvutano ndani ya seli hupanda, nayo hugawanyika ovyo na kusahau juu ni wapi, chini ni wapi.

Halafu pima unene wa jeli. Ikiwa nyembamba mno, seli zinaihisi plastiki ya sahani iliyo chini, na kwao plastiki ni mwamba. (Kosa langu la pili hilo!)